Mama Jafari Mvunguni

Mji mzima wa Baraka ulizoea kumwona Zubeda akimbeba binti yake mgongoni. Si mtoto mchanga, hapana. Bushira alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, miguu yake mirefu ikining'inia karibu iguse vumbi, na mama yake ameinama mbele, kikwembe chake cha kitenge kimekazwa kifuani kwa fundo la nguvu, akipandisha kutoka pale pikipiki ilipowashusha mpaka mlangoni pa chumba cha mashine. Mara mbili kila juma, mvua inyeshe, jua liwake. Siku moja kijana wa pikipiki alimwonea huruma akataka kumpokea mzigo. Aliambiwa ashike usukani wake na aachane na mambo ya watu.

"Huyu nilimubeba tumboni," alisema Zubeda bila hata kusimama. "Sasa nitashindwa kumubeba mugongoni?"

Alikuwa muuza samaki, mwanamke mnene mwenye mikono ya kuvuta kamba, mjane wa fundi wa motor za mitumbwi. Sokoni walimwita Mama Jafari, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya Jafari kufariki, maana jina kama hilo mama halivui. Ulimi wake, ee bwana, usiuombe! Aligombeza wateja waliobonyeza samaki bila kununua, akagombeza wavuvi waliomletea ndagala, wale dagaa wa ziwani, wenye mchanga, na siku moja alimgombeza hata muadhini kwa sababu alikohoa kwenye kipaza sauti. Lakini aliyegombezwa asubuhi aliitwa mchana kula ugali, kwa hiyo hakuna aliyemwekea kinyongo.

Figo za Bushira zilianza kuchoka akiwa bado shuleni. Uso ulivimba asubuhi, miguu ikavimba jioni, na Zubeda alijua mara moja anachokiona, kwa sababu Jafari naye alianza hivyohivyo. Wakati wa Jafari hapakuwa na la kufanya. Safari hii, Mungu mkubwa, mashine za kusafisha damu zilikuwa zimefika Baraka: vitanda vinne ndani ya jengo dogo la bati la bluu, umeme wa jua juu ya paa na jenereta nyuma. Mashine inavuta damu ya mtu, inaiosha, inamrudishia. Unalala pale asubuhi nzima na mirija yako, unasikiliza mashine inavyolia, unahesabu mbao za dari.

Muuguzi wa chumba kile aliitwa Nadège, mwanamke mpole wa sauti ndogo, lakini akikutazama unajua amekwisha kuona kwamba ulikunywa maji zaidi ya kikombe chako. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa vijana watupu. Jirani wa Bushira alikuwa Dany, mvulana kutoka Lulimba ambako baba yake anachimba dhahabu. Yeye alihamia kwa shangazi yake Baraka ili awe karibu na mashine. Alikuwa na mdomo mrefu kuliko ugonjwa wake, na yeye ndiye aliyemfanya Bushira acheke siku ambazo damu ilimzunguka vibaya.

Sasa, ndipo akaja Anatole. Alikuwa mganga wa viungo, kiné kama wanavyosema pale, kijana mwembamba wa miwani, katumwa kutoka Bukavu na watu wa utafiti. Alileta vyombo vya ajabu: pedali mbili juu ya kigingi cha chuma, kama baiskeli iliyoibwa magurudumu, na kioo kidogo kinachoonyesha umekwenda mbali kiasi gani. Kila chombo kinawekwa kitandani, miguuni pa mgonjwa, naye analala akikanyaga huku damu yake inasafishwa.

"Tunataka kujua kama vijana wakikanyaga hivi, miguu inarudisha nguvu," aliwaeleza. "Pengine ndiyo, pengine hapana. Kwingine wameona inasaidia, lakini hapa kwetu hakuna anayejua bado. Nyinyi ndio mutatuonyesha. Hakuna anayelazimishwa. Na iko siku ya mukutano, tutakaa pamoja mutuambie tumekosea wapi."

Bamama, wale waliowaleta wagonjwa, wakatazamana. Shangazi wa Dany aliguna. Zubeda ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote:

"Muganga, sisi tulileta hapa bagonjwa. Hatukuleta bafanyakazi."

Lazima uelewe desturi ya kule. Mgonjwa akilazwa, haachwi peke yake hata dakika. Ana mtu wake, garde-malade, na huyo ndiye hospitali hasa. Anamfulia, anampikia, anamchotea maji, anamlisha, usiku analala chini kwenye mkeka, na daktari akimwuliza mgonjwa umelalaje, anayejibu ni yule wa chini. Kazi ya mgonjwa ni kupona tu. Zinazobaki zote ni za garde-malade.

Bushira alikubali kabla mama hajamaliza kukunja uso. Siku ya kwanza alikanyaga polepole, kisha kidogo haraka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, kitu ambacho hakikutokea tangu aache kuruka kamba na wenzake. "Mama!" alisema kwa furaha. "Miguu inawaka moto!" Mtoto alimaanisha uzima. Mama alisikia kifo. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi ya mashine iliyofuata alikuwa ameshaamua.

Anatole alipotoka nje kupiga simu, Zubeda alikichukua kile chombo taratibu kutoka miguuni pa mtoto, akakishusha sakafuni, akakisukuma mvunguni mwa kitanda. Akatandika kikwembe chake kikaning'inia pembeni mpaka chini. Kisha, mwanamke mzima na unene wake, akajikunja akaingia humo. Akashika pedali kwa mikono, akaanza kuzungusha.

"Mama, toka pale," Bushira alinong'ona. "Mi nataka kukanyaga mwenyewe."

"Lala, mwanangu. Pumzika. Mama iko."

"Mama, ni miguu yangu."

"Na mikono ni yangu. Lala."

Usicheke. Aliyewahi kumuuguza mtoto hatacheka. Na wala hakuwa peke yake, maana shangazi wa Dany aliona, akaelewa, na siku iliyofuata naye alikuwa chini. Haikupita juma kila mvungu una mtu wake, vikwembe vinne vinaning'inia, na wagonjwa juu wamelala fofofo. Viatu vya Anatole vikisikika nje, pedali zilirudi kitandani haraka. Nadège alipopita na dawa hakushtuka hata kidogo, kwani garde-malade kulala chini ya kitanda ni jambo la siku zote.

Anatole alifurahi sana mwanzoni. Kile kioo kilionyesha Bushira anakwenda kama lori lisilo na breki! Lakini alipomtaka ainuke kwenye kiti bila kushika kitu, magoti yalimtetemeka kuliko zamani. Kijana wa watu alikuna kichwa. Akafikiri kioo kimeharibika, akakifungua, akakifunga. Mwishowe siku moja akaingia bila kutazamiwa, akavua viatu mlangoni ili asiamshe wagonjwa, akasimama katikati ya chumba.

Dany alikuwa anakoroma. Bushira alikuwa macho, ameutazama ukuta. Na kutoka chini ya vitanda vyote ilitoka sauti, kri, kri, kri, kama panya wanaotafuna mlango. Anatole alichuchumaa, akainua pindo la kikwembe.

Zubeda alikuwa amelala ubavu, kilemba kimemshukia jichoni, jasho linamtiririka, mikono bado inazunguka.

"Mama Jafari... uko nafanya nini huku chini?"

"Niko natafuta pini yangu," alisema Zubeda. Na mikono haikusimama.

Chumba kilivunjika mbavu. Dany aliamka akacheka mpaka mashine yake ikapiga kelele ya onyo, ikabidi Nadège aje mbio kumtuliza. Bamama wengine walitoka mmojammoja, wakijipangusa vumbi, hawajui waweke wapi macho. Anatole naye alicheka, kisha akakaa palepale sakafuni, akavua miwani.

"Mama, mikono yako ni ya chuma, nimeona," alisema. "Lakini figo zako ziko nzima. Kama ile hesabu nikiipeleka Bukavu, batasema: angalia, batoto ba Baraka banakanyaga kuliko bote, na hakuna nguvu imerudi. Pedali haina faida. Batazichukua. Na sisi pia tumekosa. Tuliongea juu ya miguu ya batoto tu, hatukuuliza bamama banawaza nini."

Zubeda alitaka kujibu jambo kali, lakini alipogeuka akamwona binti yake. Katika watu wote waliocheka, Bushira hakucheka. Alikuwa bado ameutazama ukuta.

Siku za katikati, kabla ya zamu nyingine ya mashine, Bushira alinyamaza nyumbani. Alikula alipopewa, akaoga alipopelekwa. Asubuhi ya mashine Zubeda alifunga kikwembe, akachuchumaa mbele ya kitanda kama kawaida, mgongo tayari. Hakuna aliyepanda.

"Tuende, mwanangu. Pikipiki iko nje."

"Mi siendi."

"Uko na homa?"

"Hapana. Siendi tu." Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha mama. "Unanibeba. Unanilisha. Docta ananiuliza, unajibu weye. Sasa hata miguu yangu, unakanyaga weye. Mimi niko wapi pale, mama? Bakisafisha ile damu, banasafishia nani? Kama kuishi ni hivi, basi iachwe."

Zubeda aliinuka akamgeukia. Alijua maana ya kukosa mashine. Alikwisha kumwona msichana mmoja aliyechoka akaacha kuja, na kitanda chake hakikukaa kitupu muda mrefu. Alibembeleza, akaahidi nguo, akaahidi viatu, akalia, akamvuta mkono. Bushira alijigeuza ukutani. Kijana wa pikipiki alipiga honi, akapiga tena, akazima motor. Jua lilipanda, na kope za mtoto zilianza kuvimba. Basi Zubeda alimpigia simu Nadège, akaweka sauti wazi ili mtoto naye asikie.

Nadège hakubembeleza. "Bushira, leo ndio mukutano na kiné," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Utakuja kusema, ama tumwachie mama aseme?"

Bushira aliinua kichwa. "Mama atanyamaza?"

"Atanyamaza," alijibu Nadège, bila kumwuliza mwenyewe.

"Aape."

"Wallahi nitanyamaza," alisema Zubeda, na kwa mwanamke yule hicho kilikuwa kiapo kizito kuliko kuuza duka.

Bushira alitoka kwa miguu yake. Pale pikipiki ilipowashusha akaanza kupanda mwenyewe, akishika ukuta, akishika mti, akikaa juu ya jiwe na kuinuka tena. Zubeda alikuja nyuma, mikono imenyooshwa kama anayefukuza kuku, pindo la kikwembe kaliuma kwa meno ili asiseme. Walifika wamechoka wote wawili, na Nadège akamwunganisha mtoto kwenye mashine haraka.

Mkutano ulifanyika palepale, vijana wamelala na damu inazunguka, bamama kwenye mabenchi. Anatole alikuwa ameleta kreti nzima ya sucré baridi, soda za kila rangi, kwa ajili ya kuwakaribisha. Dany aliitazama ile kreti, akaguna.

"Muganga, ungetuuliza kwanza. Sisi tunapimiwa maji kwa kikombe, we unatuletea kreti?"

Anatole alijipiga kofi la paji. Bamama ndio waliozinywa, wakamshukuru sana.

"Haya, munaona njo maana nimewaita," alisema akicheka. "Leo mi nanyamaza. Swali ni moja. Sisi tulipanga kupima miguu, nguvu, damu. Nyinyi munataka tupime nini? Kitu gani kikitokea, mutasema: kweli, pedali imenisaidia?"

Midomo ya bamama ikafunguka yote pamoja. Nadège akainua kidole. "Batoto kwanza."

Dany alisema anataka kupanda ule mlima wa kwenda kwa baba yake Lulimba bila kushuka kwenye lori kutapika. Wakacheka. Kisha zamu ikamfikia Bushira, naye alisema akiangalia dari.

"Mi nataka kutoka hapa siku ya mashine, peke yangu, kwa miguu, mpaka sokoni. Mama asinifuate. Na nataka mama anigombeze."

"Akugombeze?" Anatole aliuliza.

"Anagombeza Baraka yote. Mimi, toka nimegonjwa, hata siku moja. Nikivunja sahani ananiambia pole. Nikimwaga mafuta, pole. Nikimjibu vibaya, pole, mwanangu. Muntu ambaye anaambiwa pole kila siku, ni kama bamekwisha kumuzika, banangojea tu afunge macho."

Hapo Zubeda akavunja kiapo chake. Hakukivunja kwa kusema; kilio ndicho kilichomtoka kwanza, kilio kikubwa, cha aibu, mbele ya watu wote, na maneno yakaja nyuma yake.

"Nilimwita Jafari muvivu! Nilimuambia abebe gunia la ndagala, akakaa chini, akasema mama nimechoka. Nilimugombeza mbele ya soko nzima. Muvivu, mukubwa wa kula, nilisema yote. Akasimama, akabeba. Haikupita muda, akaanza kuvimba, akaniacha. Mi ndio nilimuua na gunia na huu mudomo wangu. Nikasema huyu mwingine, huyu sitamupa kazi, sitamuambia neno. Nitambeba mpaka mwisho."

Dany alitazama miguu yake. Nadège alikuja akakaa karibu na Zubeda kwenye benchi, akamshika goti.

"Mama Jafari, nisikilize. Ni figo. Zilikuwa zimeharibika kabla ya lile gunia, zamani sana, ndiyo sababu alichoka. Si gunia. Si mudomo wako."

Zubeda alitikisa kichwa. Moyo haukubali mara moja jambo kama hilo, hata ukiambiwa na mtu unayemwamini. Bushira ndiye aliyenyoosha mkono wake.

"Mama, unajua Jafari alikuwa anakuiga?"

"Ananiiga namna gani?"

"Kila siku akitoka soko. Anafunga kikwembe chako, anaweka mikono kiunoni: 'Weye muvivu! Samaki bataota miguu batembee benyewe?' Mi nilikuwa nacheka mpaka nakojoa. Hata siku ile ya gunia aliiga. Alicheka, mama. Alisema leo umepata maneno mapya."

Zubeda alimtazama binti yake kwa muda mrefu, machozi yanashuka, na katikati ya machozi kitu kikamponyoka ambacho kilikuwa kicheko. "Mutoto mushenzi," alisema. "Kikwembe changu?"

Tangu siku ile kazi ilibadilika. Anatole alikubali kwamba kila kijana achague mwenyewe mahali anapotaka kufika, na hilo ndilo lipimwe pamoja na mengine. Lakini bamama je? Huwezi kumwambia garde-malade akae tu na mikono mapajani, atapasuka. Shangazi wa Dany ndiye aliyepata wazo: kama watoto ndio wanaoendesha, basi bamama wawe makonvwayeri, wale wanaoning'inia mlangoni mwa taksi-basi na kuita vituo. Tangu hapo kile chumba kikawa barabara kuu. Bushira akikanyaga, Zubeda anasimama kichwani pa kitanda akitazama kioo na kupaza sauti: "Mutambala! Nani anashuka Mutambala?" Wakipata nguvu wanaita Lweba, kituo cha mbele. Siku Bushira alipofika Lusenda, chumba chote kilipiga vigelegele na Nadège akawaomba wakumbuke kuna wagonjwa wengine upande wa pili wa ukuta. Dany yeye alikwenda upande wa milima, akilalamika njia nzima kwamba daraja limevunjika na askari wanataka sigara.

Anatole hakuwadanganya. Wiki nyingine Bushira alichoka, damu yake ikashuka, pedali ikawekwa kando na Zubeda akatoka nje kulia. Lakini pole pole magoti yaliacha kutetemeka, na ikafika asubuhi ambayo Bushira alisema: "Leo. Leo nitakuja soko peke yangu."

Kwa hiyo siku hiyo Zubeda alikwenda kuuza samaki, siku ya mashine, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Masikini! Aliyetaka samaki aina ya mikeke alipewa kuhe. Aliyebonyeza samaki hakuambiwa kitu, na mteja mmoja alipoomba kupunguziwa, alijibiwa "sawa, mwanangu, chukua," mpaka akaogopa, akarudisha samaki mezani na kuwauliza majirani kama Mama Jafari anaumwa. Simu ilikuwa imewekwa juu ya meza, katikati ya ndagala. Ikilia ni Nadège, na ni balaa. Isipolia ni heri. Haikulia, na yeye hakupumzika hata kidogo.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Wanaotoka kwenye mashine walipaswa kuwa wamekwisha kutoka. Zubeda alisimama, akakaa, akasimama. Aliahidi hatamfuata, na ili asijidanganye alifunga pindo la kikwembe chake kwenye mguu wa meza kwa mafundo mawili. Jirani yake, mama wa mihogo, alimwambia aende tu aangalie, nani atajua? Zubeda alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye njia. Alimwona mtoto ameanguka kwenye mtaro, alimwona amegongwa na pikipiki, alimwona katika kila kikundi cha watu waliosimama pamoja.

Ndipo akamwona kweli. Bushira alikuwa anakuja katikati ya njia, polepole, plasta nyeupe shingoni, amesimama kwanza kuangalia nywele za msichana fulani aliyesukwa vizuri, akauliza aliyesuka ni nani, akaendelea. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mafuta. Shavu moja limevimba, lakini si ugonjwa: alikuwa anatafuna. Ndizi! Ndizi za kukaanga, kitu ambacho Nadège aliwakataza wote, akarudia, akawaeleza jinsi kinavyoweza kusimamisha moyo wa mtu mwenye figo mbovu.

"BUSHIRA!"

Soko lote liligeuka. Zubeda aliruka mbele, akasahau fundo, na meza ikamfuata, samaki wakamwagika vumbini, naye hakugeuka hata kuwatazama.

"Unatoka wapi saa hii? Niko hapa na roho mukononi, na weye unatembea unaangalia nywele za bantu kama mwenye mji! Na ile ni nini kwenye mudomo? Ndizi? Nadège alisema nini juu ya ndizi? Masikio yako ni ya kupamba? Muguu umeupata juzi tu, leo unaenda kununua kifo barabarani, unakila na chumvi! Mutoto usiye na haya!"

"Mama Jafari, taratibu," mama wa mihogo alimshika mkono. "Mutoto ni mugonjwa."

"Mugonjwa gani? Huyu ni mukaidi!"

Neno lilitoka, na Zubeda akalisikia. Mkono ulimwenda mdomoni. Alisubiri uso wa mtoto ubadilike, akasubiri aanguke, akasubiri lolote. Bushira alikuwa amesimama mbele yake juu ya miguu yake miwili, machozi yanamtiririka, na mdomo uliojaa ndizi unacheka.

"Mama," alisema. "Umenigombeza."

Zubeda alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye malapa yake yaliyojaa vumbi la njia nzima. Akaweka mikono kiunoni.

"Na kesho nitakugombeza tena, inshallah," alisema. "Na kesho kutwa. Sasa tema hiyo ndizi, uje unisaidie kuokota samaki."

Bushira akatema, akafuta mdomo kwa kiganja, akainama, akaanza kuokota.